Kutoka Shamba la Miti Hadi Mti Mmoja: Niliyojifunza Katika Elimu ya Kutunza Miti

Nilisomea misitu kabla ya kusomea mti mmoja mmoja. Leo ninafanya kazi ya kupogoa na kukagua miti mjini, na ninaona kwamba elimu hizo mbili zinahitajiana kuliko nilivyodhani nilipokuwa darasani. Vijana wanaomaliza kidato cha nne na cha sita huniuliza wasome nini ikiwa wanapenda miti lakini hawajioni wakifanya kazi katika ofisi ya wilaya wala katika kiwanda cha mbao. Jibu langu huwa refu, na ndiyo sababu nimeona niliandike. Anayetaka kutunza mti wa barabarani, wa shuleni au wa uani kwa mtu inampasa kwanza auelewe msitu, kisha ajifunze upya karibu kila alichofundishwa kuhusu kukata, kwa sababu mkato unaofaa sana katika shamba la miti unaweza kuwa ndio unaouangamiza mti wa mjini miaka kumi baadaye.

Elimu ya misitu huanza na utambuzi. Mwanafunzi hupewa tawi lisilo na ua wala tunda, akatakiwa kutaja jina, familia na mahali mti huo unapoota, kwa kutazama mpangilio wa majani, kugusa gome, kunusa jani lililopondwa na kuangalia utomvu unaotoka gome linapochanjwa. Mninga hutoa utomvu mwekundu, na tunda lake la duara, lenye bawa pana na miiba katikati, humrahisishia kazi mwanafunzi aliyechanganyikiwa. Baada ya utambuzi huja upimaji. Kipenyo cha shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na mti ukiwa kwenye mteremko hupimwa kutoka upande wa juu. Urefu hukadiriwa kwa kupima pembe na umbali. Kisha namba hizo huingizwa katika kanuni inayotoa ujazo. Swali linaloongoza masomo hayo yote ni kama shamba hili lina mita za ujazo ngapi, na litakuwa na ngapi likiachwa miaka mitano zaidi. Si swali baya hata kidogo, kwa kuwa nchi inahitaji mbao, nguzo na karatasi, na mtu asiyejua kupima hawezi kuzuia uvunaji uliopita kiasi.

Sehemu ya ukuzaji wa misitu ndiyo iliyonivutia zaidi. Ukipanda misindano kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, hekta moja hubeba miche 1,600. Ukipanda kwa mita 3 kwa 3, hubeba 1,111. Miche hiyo yote haikusudiwi kufika mwisho. Hupandwa kwa wingi ili isukumane kwenda juu, iwe na mashina yaliyonyooka na matawi membamba, halafu hupunguzwa kwa awamu ili inayobaki ipate mwanga, maji na nafasi ya kunenepa. Katika shamba kubwa la serikali la Sao Hill, Wilaya ya Mufindi, mtu anaweza kusimama kwenye kilima akaona ngazi zote za maisha hayo kwa wakati mmoja: miche iliyopaliliwa, miti michanga iliyopogolewa matawi ya chini, na miti mikubwa inayosubiri msumeno. Kupogoa huko kuna shabaha moja, nayo ni kupata ubao usio na vifundo. Tawi likiondolewa mapema, kifundo hubaki ndani karibu na kitovu cha shina, na mbao zote zinazoota nje yake huwa safi. Hakuna anayeuliza jeraha lile litakuwaje mti ukifikisha miaka mia moja, kwa sababu hautafikisha.

Zoezi la kuweka alama za rangi kwenye miti ya kuondolewa ni la thamani kubwa kuliko linavyoonekana. Mwanafunzi mgeni hutazama mashina. Baada ya muda hujifunza kutazama juu, kwenye mwavuli, aone ni mti upi unamnyima mwenzake mwanga, upi umegawanyika mashina mawili na utapasuka, upi umeinama kwa sababu ya mizizi dhaifu. Stadi hiyo ya kutazama juu ndiyo ninayoitumia kila siku mjini, ingawa hukumu ninayotoa baada ya kutazama ni tofauti kabisa.

Misitu ya asili ina somo lake, na kwa maoni yangu haipewi muda wa kutosha. Miombo haifuati hesabu za mistari. Mche wa mninga hufanya jambo linalomshangaza kila anayelisikia mara ya kwanza: kwa miaka kadhaa ya mwanzo, sehemu yake ya juu hufa kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikija, huku mzizi ukiendelea kujaza akiba chini ya ardhi, hadi siku unapopata nguvu ya kutoa shina litakalovuka urefu wa majani na miali ya moto. Mtu asiyejua hilo atapita katika msitu huo akadai kwamba mninga hauzaliani tena. Anayejua atainama, atafute vichipukizi vidogo vilivyoungua ncha, na atajua kwamba moto wa mwanzoni mwa kiangazi, wakati majani yangali na unyevu, hudhuru kidogo kuliko ule wa Septemba au Oktoba.

Usimamizi wa misitu hiyo pia ni somo la watu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji vya Tanzania kutenga misitu yao na kuisimamia kwa mipango na sheria ndogo zao, na wilayani Kilwa vijiji vilivyoanza kusimamia mpingo kwa njia hiyo vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kinachomhakikishia mnunuzi popote duniani kwamba mti ulivunwa kwa utaratibu. Nimekaa katika mikutano ya kamati za maliasili za vijiji, nikajifunza kwamba mpango mzuri wa uvunaji ni ule ambao bibi mmoja aliyekaa nyuma anaweza kuueleza kwa maneno yake. Ujuzi huo wa kuzungumza na wenye mti nimeuhitaji mjini kuliko nilivyohitaji jedwali lolote la ujazo.

Mjini hali hugeuka. Mti unaosimama katika uwanja wa shule hauhesabiwi kwa mita za ujazo. Thamani yake ni kivuli, hewa, ndege na kumbukumbu, na gharama yake ni tawi linaloweza kumwangukia mtoto. Hautavunwa baada ya miaka ishirini na mitano. Unatakiwa uishi kadiri unavyoweza. Mnamo Novemba 2020 mkuyu mkubwa wa zaidi ya karne moja, kandokando ya barabara ya Waiyaki jijini Nairobi, ulikaribia kung'olewa ili kupisha ujenzi wa barabara ya juu, na serikali ikatoa amri uachwe baada ya wananchi kupaza sauti. Nililifuatilia jambo lile kwa makini, kwa sababu mjadala wake haukuhusu mbao hata kidogo. Watu walikuwa wakitetea mti mmoja, kwa jina na mahali pake, na taaluma yangu ya kwanza haikuwa imenipa lugha ya kuujadili mti kwa namna hiyo.

Aliyenipa lugha hiyo ni Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti aliyefanya kazi katika idara ya misitu ya Marekani. Kwa miaka mingi alipasua miti kwa urefu, kuanzia kwenye majeraha ya zamani, na kufuatilia kwa macho uozo ulipofika na uliposimama. Mwaka 1977 alichapisha maelezo ya kile alichokiona, na maelezo hayo yamebadilisha namna ya kupogoa katika sehemu kubwa ya dunia. Hoja yake ya msingi ni kwamba mti hauponyeshi jeraha kwa maana ya kurudisha tishu iliyoharibika. Mbao iliyojeruhiwa hubaki imejeruhiwa hadi mwisho. Kinachofanyika ni kwamba mti huzingira eneo hilo, mithili ya mtu anayejenga ukuta kukifunga chumba kinachoungua ili nyumba iliyobaki iokoke. Mipaka ya kwanza hutokana na mbao iliyokuwapo tayari: upo unaopunguza kasi ya uozo kupanda na kushuka, nao ndio dhaifu kuliko yote, upo unaouzuia kuingia ndani, na upo unaouzuia kuenea pembeni. Mpaka wa nne huwekwa na kambiamu, yaani tabaka jembamba chini ya gome linalozalisha mbao mpya, baada ya jeraha, nao ndio imara zaidi, kwa sababu hutenganisha mbao iliyokuwapo siku ya jeraha na mbao yote itakayoota baadaye. Ndiyo maana mti unaweza kuwa na uwazi katikati ukaendelea kuishi na kunenepa kwa miongo mingi.

Ukilielewa jambo hilo, mahali pa kukata tawi huacha kuwa suala la mazoea. Pale tawi linapoungana na shina huwa pana uvimbe kidogo, ambao mimi nauita shingo ya tawi, na upande wa juu huwa pana mkunjo wa gome. Ndani ya shingo hiyo mna tishu za shina zenye uwezo mkubwa wa kuzuia uozo. Mkato sahihi hupita nje kidogo ya shingo, bila kuigusa na bila kuacha kipande kirefu. Mafundi wengi niliowakuta kazini walikuwa wamefundishwa kulainisha mkato uwe sambamba na shina ili uonekane safi. Mkato huo huondoa shingo yote, hufungua mlango ndani ya shina lenyewe na kuacha jeraha kubwa kuliko linalostahili. Wengine huacha kisiki cha tawi chenye urefu wa mkono mzima, ambacho hufa, huoza na kuupeleka uozo ndani kabla mti haujapata nafasi ya kukifunika. Kwa tawi zito mikato huwa mitatu: wa kwanza kutoka chini, mbali kidogo na shina, wa pili kutoka juu, mbele ya ule wa kwanza, ili tawi lianguke bila kuchana gome la shina, na wa tatu wa kuondoa kipande kilichobaki, nje ya shingo. Oili chafu na rangi zinazopakwa juu ya jeraha hazizuii uozo, na wakati mwingine hushikilia unyevu ambao kuvu huupenda. Chokaa nyeupe chini ya mashina ya barabarani ni mapambo, nami sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu mkubwa ni na tabia ya kukata kichwa cha mti. Mwenye nyumba huona mjohoro au mwarobaini wake umekuwa mrefu, akaogopa upepo wa masika, akamwita kijana mwenye panga na chenso, naye akakata matawi yote makubwa katikati mpaka mti ukabaki nguzo zenye vinundu. Kwa miezi michache mwenye nyumba huridhika. Kisha mti, uliopoteza karibu majani yote yaliyokuwa yakiulisha, hutumia akiba yake kutoa machipukizi mengi kwa pamoja kutoka chini ya gome. Machipukizi hayo hukua kwa kasi kubwa, na katika miaka michache urefu uliokuwa ukiogopwa hurudi, ila sasa kila tawi jipya limejishikiza kwenye tabaka la nje tu, juu ya kisiki kinachooza. Tawi la asili hufungamana na shina tabaka kwa tabaka, mwaka baada ya mwaka. Chipukizi hilo halina mafungamano hayo. Kwa hiyo mti uliokatwa kichwa ili uwe salama huwa hatari zaidi miaka mitano au kumi baadaye kuliko ulivyokuwa siku alipoitwa yule kijana.

Mteja akisisitiza, mimi humweleza njia nyingine, ambayo ni kupunguza tawi refu kwa kulirudisha hadi kwenye tawi dogo lililo hai, nene kiasi cha kutosha kuchukua uongozi, na kuondoa matawi yaliyokufa, yanayosuguana na yaliyopasuka. Mti hubaki na umbo lake na sehemu kubwa ya majani yake. Kazi hiyo huchukua muda mrefu, huzaa kuni chache, na kwa macho ya mteja huonekana kana kwamba hakuna kilichofanyika. Nimepoteza kazi kadhaa kwa sababu hiyo. Mwenye fedha anataka kuona rundo la matawi lililolingana na alicholipa, na kijana anayeingia katika taaluma hii ajue mapema kwamba sehemu ya ujuzi wake ni kueleza kwa nini rundo ni dogo.

Msomaji makini atauliza: mbona basi wakulima wa Dodoma hukata machipukizi ya visiki na kusifiwa kwa kufanya hivyo? Swali hilo ndilo linaloonyesha kwa nini elimu ya misitu ni lazima itangulie. Katika utaratibu unaoitwa kisiki hai, mkulima huchagua kisiki kilicho hai shambani, akabakiza machipukizi machache yenye nguvu, akaondoa mengine, akapogoa matawi ya chini ya yale aliyoyabakiza na kuyawekea alama ili yasilimwe wala kuliwa na mifugo. Kwa kuwa mizizi ni ya mti mzima uliokatwa zamani, machipukizi hukua kwa kasi ambayo mche wa kitalu hauwezi kuifikia. Namna hiyo ya kufufua miti ilipata umaarufu nchini Niger kuanzia miaka ya 1980, kwa juhudi za Tony Rinaudo wa Australia pamoja na wakulima wenyewe, na maeneo yaliyorejeshewa miti huko hukadiriwa kwa mamilioni ya hekta. Wasukuma wa Shinyanga wana ngitili, malisho yaliyofungwa ili majani na miti vipumzike, ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga uliyapa nguvu mpya kuanzia mwaka 1986 hadi 2004. Huko kote shina jipya hukua kutoka karibu na ardhi, huvunwa likiwa bado changa au huachwa linenepe likiwa na nafasi ya kujenga msingi wake, na chini yake hakuna darasa la watoto. Mikaratusi, au milingoti kama inavyoitwa Nyanda za Juu Kusini, pamoja na msaji, huvunwa na kuchipuliwa tena kwa kanuni hiyohiyo. Tofauti iko kwenye urefu wa mahali pa kukata, matarajio ya umri, na kinachokaa chini ya mti.

Jambo lingine ambalo shamba la miti halikunifundisha vya kutosha ni mizizi. Picha ya mzizi mmoja mkuu unaoshuka chini kwa kina sawa na urefu wa mti imekaa vichwani mwa watu wengi, wakiwamo wahandisi. Kwa miti mingi iliyokomaa, sehemu kubwa ya mizizi inayonyonya maji na virutubisho iko katika sentimita 60 za juu za udongo, na huenea mbali kupita ukingo wa mwavuli. Kwa hiyo mtaro wa bomba unaochimbwa mita mbili kutoka kwenye shina unaweza kukata sehemu kubwa ya mizizi ya upande ule, na kifusi kinachomwagwa juu ya mizizi huinyima hewa. Gari linaloegeshwa kivulini kila siku hushindilia udongo mpaka maji ya mvua hayazami. Mti hauonyeshi maumivu hayo mara moja. Hupungua majani juu kabisa, huanza kukauka ncha, na hufa pengine miaka mitatu au minne baada ya fundi wa bomba kusahauliwa. Mimi huulizwa mti umepatwa na ugonjwa gani, nami huuliza nini kilijengwa hapa.

Upandaji nao una kasoro zinazojulikana lakini hazirekebishwi. Mche uliokaa muda mrefu kwenye kiriba huwa na mizizi inayozunguka ndani ya plastiki, na ukipandwa hivyo huendelea kuzunguka mpaka mizizi hiyo inapojinyonga yenyewe pamoja na shina. Mizizi iliyojikunja inatakiwa kukatwa au kunyooshwa kabla ya kufukia, na mahali shina linapopanuka kuingia kwenye mizizi panatakiwa kubaki juu ya udongo. Kampeni za kupanda miti hupenda hesabu kubwa. Kenya ilijiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitoa siku ya mapumziko ya kitaifa ili watu wapande. Nafurahia ari hiyo, ingawa kama ningepewa bajeti ya mche mmoja ningetumia sehemu ndogo kuununua na sehemu kubwa kuumwagilia na kuulinda katika kiangazi chake cha kwanza na cha pili. Uchaguzi wa aina nao una madhara ya muda mrefu. Katika milima ya Usambara Mashariki, kwenye bustani ya Amani iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, mti wa Maesopsis eminii ulioletwa kutoka nje ya eneo lile ulisambaa katika msitu wa asili, hasa palipofunguliwa na ukataji wa magogo, na hadi leo wasimamizi wa misitu wanashughulika nao.

Ukaguzi wa hatari ni sehemu ninayoiheshimu zaidi katika kazi hii. Mwanafizikia wa Ujerumani, Claus Mattheck, alieleza jinsi mti unavyojiandika mwilini: uvimbe usio wa kawaida huonyesha kwamba ndani pana udhaifu ambao mti unajaribu kuuimarisha, na ufa wa wima, uyoga chini ya shina au gome lililobanwa kati ya mashina mawili ni alama za kufuatilia. Nyundo ya mbao husaidia, kwa kuwa shina lenye uwazi hutoa sauti nzito ya ndani. Hata hivyo uwazi peke yake si hukumu ya kifo. Kanuni inayotumiwa sana husema kwamba ukuta mzima wa mbao ukibaki na unene wa karibu thuluthi moja ya nusu kipenyo, shina bado lina nguvu ya kutosha. Wataalamu wanabishana kuhusu kanuni hiyo, na mbuyu haifai kupimwa kwayo kabisa, kwa sababu mbao yake laini iliyojaa maji haifanani na ya mninga au mvule. Halafu huja swali la pili, ambalo wengi hulisahau: mti huu ukianguka, utamwangukia nani? Mti mbovu katikati ya pori hauna haja ya kukatwa, na bundi aliye ndani ya uwazi wake atashukuru.

Kuhusu kupanda mtini, sisi watu wa pwani tuna utaalamu wa siku nyingi kwa wakwezi wa minazi, wanaotumia kamba ya miguuni na vidato vilivyochongwa kwenye shina. Vidato hivyo vina hadithi yake ya kisayansi: mnazi hauna kambiamu, hivyo kidato kilichochongwa na babu hubaki wazi kwa maisha yote ya mti. Mwembe ukichanjwa hivyo huzingira na kufunika, mnazi hauwezi. Kwa kazi ya kupogoa miti mingine hatutumii vidato wala kucha za chuma za viatuni, kwa sababu kila hatua ni jeraha jipya; kucha hizo ni za mti unaokwenda kuangushwa. Hutumika mkanda wa kupandia, kamba iliyopitishwa juu ya tawi imara, na fundo linaloteleza likisukumwa kwa mkono na kukaza likibebeshwa uzito, la ukoo mmoja na lile la Prusik linalojulikana na wapanda milima. Anayewasha chenso juu ya mti hujifunga sehemu mbili, ili msumeno ukikata kamba moja abaki na nyingine. Kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, na suruali maalumu yenye nyuzi za kusimamisha mnyororo ni gharama inayowatisha wanaoanza, nami sijui njia ya haki ya kuikwepa.

Kwa anayetaka kuanza, njia zipo. Chuo cha Misitu Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, hufundisha astashahada na stashahada. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hutoa shahada, na wanafunzi wake hutumia msitu wa asili wa Mazumbai huko Usambara Magharibi kwa mafunzo. Moshi kuna chuo cha viwanda vya misitu kwa wanaopenda mbao. Wakenya wana Londiani, na Waganda wana Nyabyeya karibu na msitu wa Budongo. Biolojia, kemia na jiografia humfaa mwombaji. Baada ya hapo anayetaka kubobea katika mti mmoja mmoja anaweza kujiandaa kwa mtihani wa chama cha kimataifa cha watunza miti, ISA, kilichoanzishwa mwaka 1924; cheti chake cha msingi hudai uzoefu wa miaka mitatu kazini au elimu inayohesabiwa badala ya sehemu ya uzoefu huo, na mtihani wenyewe una maswali 200. Vitabu vingi ni vya miti ya nchi za baridi, yenye vuli na theluji, kwa hiyo msomaji wetu lazima aihamishe elimu ile mwenyewe kwenda kwenye mkwaju, mfenesi na mkungu, akiangalia ni wakati gani kila mmoja hupukutika na kuchipua hapa kwetu. Mimi huweka daftari: tarehe ya mkato, picha, upana wa jeraha, na picha nyingine mwaka unaofuata, na madaftari hayo yamenifaa kuliko kitabu chochote nilichonunua.

Anayeniuliza anunue nini kwanza, chenso au kamba, ninamshauri anunue kamba na msumeno mzuri wa mkono. Msumeno wa mkono hutosha kwa matawi mengi yanayofaa kuondolewa katika mti wa mjini, na polepole yake humpa anayejifunza muda wa kuitazama shingo ya tawi kabla ya kuifikia. Chenso anaweza kuikodi pamoja na mtu mzoefu, siku kazi itakapoidai.